Elimu ya Chembe ni Mali ya Nani?

Neno utamaduni likitajwa, wengi wetu hukimbilia ngoma, mavazi, ususi, nakshi za milango na ngano za mabibi. Hatuyabezi hayo, katika mkusanyo kama huu yana haki ya kupewa nafasi, nayo hupewa. Lakini utamaduni wa taifa ni pia yale maswali ambayo taifa hujiruhusu kuyauliza. Yapo maswali tuliyojikataza wenyewe, si kwa sheria wala kwa amri ya mtu, bali kwa mazoea. Tumekubali kwa unyonge kwamba swali la vitu vyote vimeundwa kwa nini, wenye kuliuliza ni watu wa Ulaya, Marekani na Japani, na kwamba sehemu yetu sisi ni kungoja jibu, kulinakili ubaoni, na kulikariri kwa ajili ya mtihani. Makala haya yanapinga kukubali huko. Yanadai kwamba masomo ya juu ya fizikia ya chembe, yale ya shahada ya uzamili na uzamivu, ni mali ya vijana wetu kama yalivyo mali ya vijana wengine wowote, na kwamba hoja zinazotolewa kuwaweka kando ni dhaifu kuliko zinavyosikika.

Kwanza tueleze tunazungumza juu ya kitu gani. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba vitu vyote vimeundwa kwa atomu, na kwamba atomu ina kiini chenye protoni na nyutroni, na elektroni zinazokizunguka. Hapo mtaala hufunga mlango. Fizikia ya chembe huanza pale pale mlango ulipofungwa. Protoni na nyutroni zenyewe zimeundwa kwa chembe ziitwazo kwaki, nazo kwaki ni za aina sita. Elektroni nayo ina ndugu zake wawili walio wazito zaidi, muoni na tau, na kila mmoja wa hao watatu ana nyutrino yake. Chembe hizo kumi na mbili huathiriana kwa njia ya chembe nyingine zinazobeba kani: fotoni hubeba kani ya sumakuumeme, gluoni huzishika kwaki pamoja ndani ya protoni, na chembe za W na Z hubeba ile kani dhaifu ambayo kwayo baadhi ya viini vya atomu huoza. Mwisho iko bosoni ya Higgs, dalili ya uga ulioenea kila mahali na unaozipa chembe za msingi tungamo lake. Kugunduliwa kwake kulitangazwa tarehe 4 Julai 2012 katika maabara ya CERN karibu na Geneva, ambako protoni hugonganishwa ndani ya handaki la duara lenye mzingo wa kilomita 27.

Mambo ya mbali mno, atasema msomaji. La hasha. Mionzi itokayo angani huigonga hewa ya juu, na huko, mnamo kilomita 15 juu ya vichwa vyetu, muoni huzaliwa kwa wingi. Muoni iliyotulia huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2 tu, yaani zaidi kidogo ya sehemu mbili za milioni za sekunde moja. Katika muda huo hata mwanga wenyewe hauwezi kwenda mbali zaidi ya meta 660 hivi. Kwa hesabu ya kawaida, basi, karibu muoni zote zingepaswa kufa kule kule juu. Hata hivyo hufika chini. Hufika kwa sababu, kama Einstein alivyoonyesha mwaka 1905, saa ya kitu kiendacho kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga huenda polepole ikitazamwa na sisi tuliosimama. Usawa wa bahari hupata takriban muoni moja kwa kila sentimeta mraba katika kila dakika. Mtoto aliyeketi darasani Lindi au Tanga, akikunjua kiganja chake juu ya dawati, hupitiwa na makumi ya muoni kila dakika, pasipo kuomba ruhusa ya serikali ya Uswisi.

Sasa tuwasikilize wapinzani. Wa kwanza ni wale wasemao kwamba nchi yenye vijiji visivyo na maji safi haina ruhusa ya kufikiri juu ya kwaki. Hoja hii ina sura ya huruma, na ndiyo maana ni vigumu kuipinga pasipo kuonekana mkatili. Lakini hebu tuitazame kwa makini. Hakuna kijiji hata kimoja kilichopata kisima kwa sababu kijana fulani alizuiwa kusoma fizikia. Fedha hazikuhama kutoka kwa huyo kwenda kwa kile. Tena, hoja hii haitolewi dhidi ya masomo ya biashara, wala ya sheria, wala (tuseme ukweli) dhidi ya samani za ofisi na magari ya wakubwa. Hutolewa dhidi ya fikra tu, kwa kuwa fikra hazina mtetezi mlangoni.

Na gharama yenyewe ni ipi? Wengi hudhani kwamba anayesoma fizikia ya chembe lazima awe na handaki la kilomita 27. Ingekuwa hivyo, hata Uingereza isingekuwa na wanafizikia, maana handaki hilo haliko kwake. Liko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, nalo ni la mataifa mengi kwa pamoja. Mwaka 1964 Peter Higgs, mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, chuo kile kile alichohitimu Mwalimu Nyerere mwaka 1952, aliandika makala yaliyoitabiri chembe inayobeba jina lake. Makala hayo hayakuzidi kurasa mbili. Vifaa vyake vilikuwa kalamu na karatasi. Mwaka huo huo Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kivyake, walipendekeza kuwapo kwa kwaki. Na mwaka huo huo, sisi tukiunganisha Tanganyika na Zanzibar, ulifunguliwa mjini Trieste, nchini Italia, mlango ambao tutauzungumzia hivi punde. Hatudai, basi, kwamba serikali ijenge mtambo wa kugonganisha chembe. Anayetaka mtambo huo ujengwe Dodoma anatafuta sifa, hatafuti elimu.

Wapo watetezi wa fizikia ya chembe wenye pupa ya kuwajibu wapinzani hao kwa orodha ya faida. Hueleza kwamba mfumo wa tovuti unaotumika duniani kote ulibuniwa na Tim Berners-Lee huko CERN mwaka 1989, na ukaachiwa watu wote bure mwaka 1993. Hueleza kwamba mitambo ya kuharakisha chembe hutibu saratani, ikiwamo ile ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Haya yote ni kweli. Wala si siri kwamba wengi wa wanaohitimu uzamivu katika fani hii duniani hawabaki katika fani. Huenda kwenye mabenki, hospitali, takwimu na ualimu, nako hufanya kazi nzuri. Lakini sisi hatupendi kuiegemeza hoja yetu hapo. Mwenye kuiegemeza hapo amekwisha kukubali kwamba fikra za Mwafrika sharti zilipe kodi ya pango kabla hazijaruhusiwa kuketi, wakati fikra za wengine hukaa katika nyumba yao wenyewe. Hakuna aliyemwuliza Higgs kwamba chembe yake itapanda mahindi mangapi.

Wapinzani wa pili ni wabaya zaidi, maana wamo miongoni mwa wasomi. Hawa hawasemi kwamba elimu hii haifai; husema kwamba haituwezi. Akili ya namna hiyo, kwao, hukua katika nchi za baridi tu na katika lugha za huko. Tuwakumbushe jina moja. Mwaka 1924 alikuwapo mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dhaka, katika India iliyokuwa bado chini ya Waingereza. Jina lake Satyendra Nath Bose. Hakuwa na shahada ya uzamivu. Aligundua njia mpya ya kuzihesabu chembe za mwanga, akamtumia Einstein makala yake. Einstein akayatafsiri kwa Kijerumani na kuyapeleka yachapwe. Leo chembe zote zilizopo hugawanywa katika kabila mbili, na moja ya kabila hizo, ambayo ndiyo yenye fotoni, gluoni na chembe ya Higgs yenyewe, huitwa bosoni kwa ajili ya Bose. Kila profesa wa Ulaya anayetamka neno hilo hutamka jina la mwalimu wa koloni. Na Bose huyo huyo, nchi yake ilipokwisha kupata uhuru, alishiriki mwaka 1948 kuanzisha chama cha kueneza sayansi kwa Kibengali, akashikilia hadi uzeeni kwamba sayansi ifundishwe kwa lugha ya wananchi.

Hapo ndipo kasumba inapodhihirika. Tunaambiwa Kiswahili hakina maneno. Ni kweli kwamba hakikuzaliwa na neno la kwaki. Lakini Kiingereza nacho je? Gell-Mann alilitoa neno hilo katika riwaya ya James Joyce, ambamo halikuwa na uhusiano wowote na fizikia. Alihitaji jina, akaokota. Sisi tumekwisha kufanya kazi kubwa kuliko hiyo: tunalo neno kani, tunalo tungamo, mchapuko, uga, nishati, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi nzima ya istilahi za Biolojia, Fizikia na Kemia. Kamusi hiyo ingali ikivuta vumbi katika makabati ya shule nyingi kwa sababu mwanafunzi akishavuka shule ya msingi huambiwa kwamba sasa ulimwengu unasema Kiingereza. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, Sin-Itiro Tomonaga aliandika kwa Kijapani nadharia ambayo baadaye ilimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1965. Dunia iliisoma kwa Kiingereza baada ya vita. Haikuwa na haja ya kwanza kumwuliza kama Kijapani kinaweza.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba tasnifu za uzamivu ziandikwe kwa Kiswahili kuanzia kesho. Majarida ya fani hii ni ya Kiingereza, na mwanafunzi hana budi kukijua vizuri, si nusu nusu. Tunachodai ni kwamba kufikiri na kubishana juu ya mambo haya kuanze katika lugha ambayo mtu huitumia anapobishana kwa dhati.

Na mambo yenyewe si mepesi. Katika uzamili mwanafunzi hukutana na hesabu za ulinganifu, yaani elimu ya kile kisichobadilika kitu kinapogeuzwa. Kanga ya mji ulionakshiwa vizuri, ukiigeuza nusu duara, huenda isionyeshe kwamba imegeuzwa. Sheria za chembe zimejengwa juu ya wazo la jamii hiyo, ingawa katika sura ngumu mno. (Hatusemi kwamba mbuni wa kanga ni mwanafizikia, upuuzi huo tunawaachia wanaopenda kusikia kwamba kila kitu tulikuwa nacho tangu zamani.) Halafu huja nadharia ya uga wa kwanta, na hapo wengi hulia. Mwanafunzi hujaribu kukokotoa jambo linaloonekana dogo, jinsi elektroni inavyoathiriana na uga wake yenyewe, na hesabu humpa jibu lisilo na ukomo. Hudhani amekosea. Hakukosea, hata mabingwa wa miaka ya 1930 walikwama hapo hapo, mpaka Tomonaga, Schwinger na Feynman walipoonyesha namna ya kuutoa ukomo huo usiokuwapo na kubakiza kiasi kinachopimika. Malipo ya uvumilivu huo ni makubwa: nguvu ya usumaku ya elektroni iliyokokotolewa kwa nadharia hiyo na ile iliyopimwa maabara hulingana katika tarakimu zaidi ya kumi. Hatujui kazi nyingine ya akili ya binadamu iliyotimiza ahadi yake kwa ukamilifu kama huo.

Wala kazi haijakwisha, hata kijana wetu aseme kwamba amechelewa. Chembe zote tulizozitaja hazielezi ila asilimia 5 hivi ya vilivyomo ulimwenguni. Vinavyobaki huitwa mata ya giza na nishati ya giza, majina mazuri ya ujinga wetu. Nyutrino zina tungamo, na nadharia haikutazamia hivyo. Kwa nini kuna mata badala ya utupu, hakuna ajuaye. Mbele ya maswali hayo profesa wa Chicago na mwanafunzi wa Morogoro wamesimama mstari mmoja, ila mmoja ana wenzake wa kuongea nao na mwingine hana.

Hilo la wenzake ndilo kiini cha jambo zima, na hakuna aliyelijua kwa uchungu kuliko Abdus Salam. Alizaliwa mwaka 1926 katika wilaya ya Jhang, akasoma Cambridge, akarudi Lahore mwaka 1951 kufundisha nchi yake. Alikuta nini? Majarida yalikuwa haba, hakukuwa na utafiti, wala mtu wa kuzungumza naye juu ya kazi yake. Na zaidi ya kufundisha akapewa kusimamia timu ya kandanda. Zilikuwapo na sababu nyingine za kumsukuma aondoke, lakini upweke huo ulitosha. Mwaka 1954 alirudi Cambridge. Aliona kwamba amelazimishwa kuchagua kati ya fizikia na nchi yake, akaapa kwamba wengine wasilazimishwe hivyo. Ndipo mwaka 1964 alipofungua Trieste kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ambacho mwanasayansi wa nchi maskini aliweza kukitembelea kwa miezi michache, akala na kubishana na mabingwa, kisha akarudi kwao akiwa na nguvu mpya. Salam mwenyewe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, pamoja na Glashow na Weinberg, kwa kuonyesha kwamba kani ya sumakuumeme na kani dhaifu zina asili moja. Sisi twaamini kwamba kituo kile ni kazi yake kubwa kuliko tuzo ile.

Na sisi tunafanya nini? Tunampeleka kijana mmoja ng'ambo, peke yake, katika fani aliyoichagua mfadhili. Akirudi baada ya miaka mitano au sita, tunampa vipindi ishirini kwa juma, chumba kisicho na mwenzake, na uanachama wa kamati tatu. Baada ya miaka michache fizikia yake imekauka kama kisima cha kiangazi, naye amebaki ofisa mwenye shahada nzito. Asiporudi, tunamwita msaliti. Twakataa neno hilo. Mwenye kupanda mti juu ya jiwe hana haki ya kuulaani kwa kutomea. Fizikia ya chembe haifanywi na mtu mmoja, hata awe na akili ya namna gani. Hufanywa na watu watano wanaokutana mbele ya ubao kila siku na kukosoana bila kuoneana haya. Wapelekwe basi kwa makundi, katika fani moja, warudi mahali pamoja, wapewe saa za kufikiri katika ratiba zao, na saa hizo zisihesabiwe kuwa ni uvivu.

Vikwazo vingine vilivyomtesa Salam vimekwisha kuporomoka, ingawa tunaendelea kuvitaja kama kisingizio. Mkataba ulioanzisha CERN, uliotiwa saini mwaka 1953, unaitaka ichapishe matokeo ya utafiti wake au iyaweke wazi kwa wote. Tangu mwaka 1991 wanafizikia wa chembe huweka makala yao katika hazina ya wazi ya arXiv, na yeyote mwenye kompyuta huyasoma siku ile ile ayasomayo mtu wa Harvard, bila senti. Kila baada ya miaka miwili, kuanzia ile ya Stellenbosch mwaka 2010, shule ya Kiafrika ya fizikia ya msingi imekuwa ikikusanya wanafunzi wa bara hili. Mwaka 2016 ilikuwa Kigali. Wamoroko, Wamisri na watu wa Afrika Kusini wamo katika majaribio ya CERN kwa majina yao.

Kwa walimu wa sekondari tuna neno moja la ukali. Njia ya uzamivu haianzii chuo kikuu. Huanzia kidato cha pili au cha tatu, siku mtoto anapouliza ndani ya protoni kuna nini. Yapo madarasa ambamo jibu la swali hilo ni kwamba halimo katika mtihani. Jibu hilo limetunyima wanafizikia wengi kuliko umaskini ulivyotunyima. Mwalimu asiyejua na aseme hajui, kisha atafute pamoja na mtoto. Kwaki tatu: mbili za juu na moja ya chini. Halichukui hata dakika kulitamka.

Na kwa mwanafunzi ambaye amekwisha kuambiwa kwamba elimu hii iko ng'ambo ya bahari, ajue kwamba mwaka 2018 ulifunguliwa Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda na kwa ushirikiano na kituo cha Trieste, taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa sayansi za msingi, inayofundisha fizikia katika uzamili na uzamivu. Kwa mtoto wa Ngara, Kigali ni karibu kuliko Mwanza.